Wanane wa Bethesda

Mwaka 1960, katika Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani iliyoko Bethesda, jimbo la Maryland, wanawake wanane walianza kujifunza kazi ambayo wakubwa wa fani hiyo waliamini haifai kuguswa na mtu asiye daktari, au angalau asiye na shahada ya uzamivu. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu miaka 42. Wote walikuwa wameolewa, wote walikuwa wamezaa na kulea, na wote walikuwa na shahada za chuo kikuu zilizokaa kabatini miaka mingi. Watoto wao walikuwa wameshakua, na hawakuhitaji tena mtu wa kuwafunga viatu wala kuwasimamia masomo ya jioni. Kazi waliyokuja kuisoma ni tiba ya mazungumzo: kuketi na mtu aliyelemewa, kumsikiliza saa nzima, na kumsaidia aone njia.

Mama aliyekaa nyumbani miaka 15 kisha akataka kuingia katika saikolojia huulizwa kwanza amesoma nini na lini. Wale wanane waliulizwa pia wameishi vipi, na majibu yao yakahesabiwa kuwa sehemu ya sifa za kujiunga. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Taasisi ya serikali, yenye maabara na wanasayansi wake, ilikubali kupima kwa vipimo vya kisayansi kama miaka ya kulea inaweza kuwa maandalizi ya taaluma. Matokeo yakaonesha kwamba inaweza. Yaliyofuata, yaani vyeo, mishahara na leseni, yalikwenda polepole zaidi, na huko ndiko kisa hiki kilikokwama kwa miaka mingi.

Aliyebuni mradi huo ni Margaret Rioch, na maisha yake mwenyewe yanaeleza mengi. Alizaliwa mwaka 1907, akasoma fasihi ya Kijerumani, na mwaka 1933 akapata uzamivu wake katika somo hilo kwenye chuo cha Bryn Mawr. Alikuwa mwalimu wa Kijerumani. Mwaka 1938 aliolewa na David Rioch, daktari bingwa wa ubongo na magonjwa ya akili, wakahamia St. Louis. Huko ndiko alikoanza upya, akasomea saikolojia ya tiba hadi shahada ya uzamili. Baadaye alifanya kazi Chestnut Lodge, hospitali ya magonjwa ya akili ya Rockville, Maryland, iliyojulikana kwa kuwatibu kwa mazungumzo hata wagonjwa ambao hospitali nyingine ziliwakatia tamaa. Kwa hiyo, mwanamke aliyekuja kudai kwamba mtu anaweza kubadili njia katikati ya umri alikuwa ameibadili yake, na uzamivu wake ulibaki kuwa wa fasihi.

Hesabu za wakati huo zilikuwa upande wake. Katikati ya miaka ya 1950, hospitali za akili za serikali za majimbo nchini Marekani zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Mwaka 1959 mwanasaikolojia George Albee alichapisha uchunguzi kuhusu nguvukazi ya afya ya akili, na hitimisho lake lilikuwa zito: kwa mwendo wa vyuo vilivyokuwapo, madaktari, wanasaikolojia na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wasingetosha kamwe. Huku nyuma, katika vitongoji vya Washington, walikuwapo wanawake waliosoma vizuri, waliokuwa wamemaliza sehemu ngumu ya ulezi, na wenye miaka 20 au zaidi ya nguvu mbele yao. Rioch aliyaweka mambo hayo mawili mezani pamoja. Uhaba huu na wingi ule, alisema, vinaweza kutatuana.

Wazo hilo lilionekana geni Marekani, lakini barani Ulaya lilikuwa limeshatoa mtu mmoja ambaye hakuna anayeweza kuandika historia ya saikolojia ya watoto akamruka.

Melanie Klein alizaliwa Vienna mwaka 1882. Alitamani kusomea udaktari. Badala yake alichumbiwa akiwa kijana na mhandisi wa kemia, akaolewa mwaka 1903, na miaka yake ya ishirini ikapita katika miji midogo alikompeleka mumewe, mbali na vyuo na mbali na watu wa kuzungumza nao. Alizaa Melitta mwaka 1904, Hans mwaka 1907 na Erich mwaka 1914. Katika miaka hiyo huzuni ilimwandama vibaya. Familia ilipohamia Budapest mwaka 1910, alipata mji wenye mijadala, na hatimaye akapata msaada: alianza matibabu kwa Sándor Ferenczi, mwanafunzi na rafiki wa Sigmund Freud. Wakati huohuo alisoma kitabu kidogo cha Freud kuhusu ndoto, na hapo moyo wake ukakamatwa.

Ferenczi aliona kitu. Alimhimiza mgonjwa wake aangalie watoto, na watoto aliokuwa nao karibu walikuwa wake. Klein alianza kuandika maswali ya mwanawe mdogo: watoto hutoka wapi, Mungu yuko wapi, kitu gani ni cha kweli na kipi cha kubuni. Mwaka 1919 aliwasilisha maandishi hayo mbele ya Chama cha Uchambuzi wa Nafsi cha Hungary na akapokewa kuwa mwanachama. Alikuwa na miaka 37, bila shahada yoyote. Mwaka 1921 alikuwa Berlin, na mwaka 1926 akahamia London, ambako alikaa hadi kufa.

Mchango wake ulitokana na jambo ambalo kila mlezi amelishuhudia: mtoto mdogo hawezi kulala kitandani na kueleza yaliyomo moyoni, lakini anaweza kucheza. Klein aliweka mbele ya watoto wanasesere wadogo wa mbao, magari, karatasi, mikasi na maji, na kila mtoto alikuwa na droo yake ya vitu vyake. Aliangalia nani anagonganishwa na nani, nani anafichwa, nani anavunjwa kisha anaungwa. Kitabu chake kuhusu kuwachambua watoto, kilichotoka mwaka 1932, kiliufanya mchezo kuwa lugha ambayo mtaalamu hana budi kujifunza kuisoma.

Kisa chake kina upande wa uchungu pia, na si haki kuuficha. Watoto aliowachunguza mwanzoni walikuwa wa tumbo lake, na majina yao aliyabadilisha katika maandishi. Melitta, aliyekuja kuwa daktari na mchambuzi wa nafsi kama mama yake, alimgeuka hadharani katika vikao vya chama huko London, na hawakupatana tena. Leo hakuna chuo kinachoruhusu mtaalamu kumtibu mwanawe, na ni sawa kabisa. Uzoefu wa nyumbani ulikuwa chemchemi ya elimu ya Klein, lakini kulikuwa na gharama ya kuuchota moja kwa moja, na aliyeilipa hakuwa yeye peke yake.

Klein alifariki mwezi Septemba 1960, mwaka uleule mradi wa Bethesda ulipoanza. Hakuna uhusiano wa moja kwa moja kati ya matukio hayo, lakini ukiyaweka pamoja unaona jinsi Marekani ilivyokuwa imechelewa. Freud mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1926 kutetea watu wasio madaktari wanaofanya uchambuzi wa nafsi. Wamarekani walimheshimu kwa mengi ila hilo walilikataa. Mwaka 1938 chama chao cha uchambuzi wa nafsi kiliamua kwamba mafunzo kamili ni ya madaktari tu, na mlango huo ulibaki umefungwa kwa karibu nusu karne. Ulifunguliwa baada ya wanasaikolojia kwenda mahakamani mwaka 1985 na kufikia maafikiano mwaka 1988. Klein angefika New York badala ya London, angebaki mama wa nyumbani mwenye daftari la maswali ya mwanawe.

Kwa hiyo Rioch alikuwa anakanyaga ardhi yenye walinzi. Alichagua njia ya busara: hakuwaahidi wanane wake cheo cha daktari wala cha mwanasaikolojia. Aliwaita washauri wa afya ya akili, akayafanya mafunzo yao kuwa membamba kwa makusudi. Hawakufundishwa takwimu, wala majaribio ya panya, wala vipimo vya akili. Kwa miaka 2, wakihudhuria nusu ya muda wa kawaida wa kazi, walifundishwa tiba ya mazungumzo tu, na waliifundishwa kwa kuifanya.

Namna walivyofundishwa inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo inayotumika hadi leo katika vyuo vingi vya ushauri nasaha. Mwanafunzi anaingia chumbani na kijana mwenye shida. Wateja wengi wa mradi huo walikuwa vijana wa umri wa sekondari na chuo. Kinasa sauti kinazunguka mezani. Kisha kanda inachezwa mbele ya msimamizi na wenzake, na inasimamishwa. Hapa, kijana alinyamaza. Kwa nini ulikimbilia kusema? Hapa, alitaja jina la kaka yake kwa sauti nyingine. Ulisikia? Kanda inarudishwa nyuma, inasikilizwa upya. Pamoja na hayo, wanawake hao waliwatazama wataalamu wakiwa kazini, wakajadili, na kila mmoja alikuwa na msimamizi wake wa kumfuatilia ana kwa ana. Wasimamizi, madaktari na wanasaikolojia, walikuwa wengi ukilinganisha na wanafunzi. Ni mafunzo ghali na ya karibu mno, na sehemu kubwa ya mafanikio ya mradi ilitokana nayo. Anayeuelezea mradi huu kana kwamba akina mama waliokotwa sebuleni wakapewa wagonjwa anawadhulumu.

Kisha walipimwa. Wataalamu wa nje, wasiojua sauti ni ya nani, walipewa kanda za mazungumzo wazisikilize na kuzipa alama, na alama zilizorudi zilikuwa za kuridhisha. Wagonjwa nao walifuatiliwa. Kati ya wagonjwa 49 waliotathminiwa, hakuna aliyekuwa mbaya zaidi kuliko alivyokuja. 19 hawakubadilika. Waliobaki, asilimia 61, walionesha nafuu ya kiwango fulani: wengi wao kidogo, wengine ya wastani, na wachache sana nafuu kubwa. Rioch na wenzake walizichapisha takwimu hizo mwaka 1963 bila kuzipamba. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, yaani wagonjwa wa aina ileile waliotibiwa na madaktari au ambao hawakutibiwa kabisa, kwa hiyo takwimu zenyewe haziwezi kusema zaidi ya kwamba kazi ilifanyika kwa heshima na hakuna aliyeumia.

Kinachogusa zaidi katika ripoti ile ni orodha ya makosa. Waliosikiliza kanda waliwasifu wanawake hao kwa utulivu, ukarimu na kujali kwa dhati. Halafu wakasema walikuwa wanabembeleza mno. Waliwatuliza wateja haraka. Walipunguza makali ya hisia badala ya kuuliza hisia hizo zimetoka wapi. Mara nyingi walilichukua tatizo jinsi lilivyoletwa, bila kuchimba chini yake.

Yeyote aliyelea mtoto atajua hilo limetoka wapi. Mtoto analia usiku. Kazi ya mzazi ni anyamaze, alale, apone. Kijana wa miaka 17 akisema anamchukia baba yake, mkono wa mlezi hukimbilia kufunika jeraha. Katika chumba cha tiba jeraha lazima liangaliwe kwanza. Yaani uzoefu uliowapa wale wanane sikio na subira ndio huohuo uliowapa mazoea ya kuvunja, na ripoti ya Rioch ilikuwa na uaminifu wa kuliandika hilo bila kulitumia kama sababu ya kuwafukuza. Walifundishwa kulidhibiti. Madaktari vijana wanaotoka vyuoni nao huja na mazoea yao ya kuvunja: kuagiza, kutaja jina la ugonjwa mapema, kujificha nyuma ya istilahi. Hakuna anayeingia katika kazi hii akiwa ukurasa mweupe.

Baada ya kuhitimu, wanane hao walipata kazi katika kliniki na taasisi za eneo la Washington. Mwaka 1969 ilitoka ripoti nyingine, ya watafiti waliowafuata kazini miaka kadhaa baadaye, na iliwakuta wakifanya kazi hiyohiyo waliyofunzwa. Rioch alisaidia kuanzisha mpango wa pili, safari hii katika Hospitali ya Watoto ya Washington, ambako akina mama walifunzwa kuwashauri akina mama wengine kuhusu makuzi ya watoto. Yeye mwenyewe alihamia katika jambo jingine kabisa: kuanzia mwaka 1965 aliongoza, pamoja na Mwingereza A. K. Rice, mikutano ya kuchunguza tabia za watu wanapokuwa kundini.

Cheo ndicho kilichobaki hewani. Mshauri wa afya ya akili wa mwaka 1962 hakuwa na ngazi ya kupanda. Hakuwa na chama, hakuwa na leseni, na akitoka kliniki moja kwenda nyingine ilimbidi aeleze upya yeye ni nani. Angeweza kufanya kazi ya daktari wa akili kwa saa ileile, katika chumba kilekile, lakini hakuwa na karatasi ya kudai ujira unaokaribiana. Mradi ulikuwa umethibitisha uwezo bila kujenga mahali pa kuuweka.

Jambo la pili lililoachwa wazi ni la tabaka. Wanane wale walikuwa na waume wenye kazi za hadhi. Walimudu kusoma miaka 2 bila nyumba kutegemea kipato chao. Mji wa Washington ulikuwa na maelfu ya wanawake wengine waliokuwa wamelea watoto, wengi wao wakilea wa kwao na wa matajiri kwa wakati mmoja, na hakuna tangazo lililowatafuta. Hao walifikiwa kwa njia nyingine miaka michache baadaye. Kuanzia mwaka 1965, Hospitali ya Lincoln huko South Bronx, New York, ilifungua vituo vya mtaani na kuajiri wakazi wa eneo lilelile, watu weusi na Wapuerto Rico, kuwa wasaidizi wa afya ya akili. Walisikiliza, walifuatana na wateja hadi ofisi za nyumba na za ustawi, walituliza ugomvi. Walipoona kwamba ahadi za kupanda ngazi hazitimizwi na kwamba jamii yao haina sauti katika uendeshaji, mwezi Machi 1969 waliziteka ofisi za huduma hiyo na kuziendesha wenyewe kwa muda. Ukisoma habari za Bethesda bila habari za Lincoln, umesoma nusu.

Nusu ya kwanza ya miaka ya 1960 ilikuwa imeleta pia msukumo mwingine uliotoka kwa wanawake wenyewe. Betty Friedan, ambaye kitabu chake kuhusu kifungo cha mama wa nyumbani kilitoka mwaka 1963, alikuwa mwanafunzi bora wa saikolojia katika chuo cha Smith, akahitimu mwaka 1942, akaendelea mwaka mmoja Berkeley, kisha akaiacha njia ya kitaaluma. Mwaka 1957 aliwatumia maswali wenzake aliosoma nao Smith, na majibu yao ndiyo yaliyokuwa mbegu ya kitabu. Alikuwa anajua kwa undani kile alichokiacha. Mwaka uleule wa 1960, Chuo Kikuu cha Minnesota kilianzisha mpango wa elimu endelevu kwa wanawake, na mmoja wa waanzilishi wake, Virginia Senders, alikuwa mwanasaikolojia. Sarah Lawrence ikafuata mwaka 1962. Mipango hiyo ilishughulika na mambo madogo yanayoangusha watu: masomo ya nusu siku, alama za zamani zitambuliwe, mtu wa kuongea naye kabla hujajaza fomu.

Uingereza ilikuwa na njia yake, na ilianza mapema. Mwaka 1938 mchungaji Herbert Gray na wenzake walianzisha baraza la ushauri wa ndoa jijini London, na baada ya vita likaenea nchi nzima. Washauri wake walikuwa wa kujitolea, na kadiri miaka ilivyokwenda wengi wao walikuwa wanawake walioolewa waliokuwa na nafasi mchana. Walichujwa kwa ukali, wakafunzwa, wakasimamiwa, na kwa muda mrefu hawakulipwa. Shirika hilo tangu mwaka 1988 linaitwa Relate. Mwaka 1953 padri Chad Varah alifungua huduma ya simu kwa watu wanaofikiria kujiua, katika kanisa la St Stephen Walbrook. Alidhani ushauri ni kazi yake, na watu wa kujitolea ni wa kuwapa wageni chai wakisubiri zamu. Muda si mrefu aligundua kwamba wengi waliomaliza kikombe na mazungumzo ya pale nje hawakuhitaji tena kumwona. Alikuwa na unyenyekevu wa kuwakabidhi kazi, na Samaritans wakazaliwa. Kisha Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikawapokea wanafunzi wake wa kwanza mwezi Januari 1971, bila kudai vyeti vya kuingilia, masomo yakija kwa posta, redio na televisheni. Mama wa nyumbani walikuwa miongoni mwa waliojiandikisha kwa wingi tangu mwanzo.

Hivyo njia ilihamia katika shahada. Majimbo ya Marekani yalikuwa yakipitisha sheria za leseni za wanasaikolojia moja baada ya jingine tangu Connecticut ilipoanza mwaka 1945, na mwaka 1977 hakuna jimbo lililobaki bila sheria hiyo. Mwaka 1976 Virginia ilikuwa ya kwanza kutoa leseni kwa washauri wenye shahada ya uzamili. California, ya mwisho, ilifanya hivyo mwaka 2009. Hapo ndipo cheo ambacho wanane wa Bethesda walikikosa kilipopatikana hatimaye, lakini kwa sharti la kurudi chuoni. Wanawake walirudi. Mwaka 1970 walikuwa karibu moja ya tano ya waliotunukiwa uzamivu wa saikolojia nchini humo; mwanzoni mwa karne hii walishapita theluthi mbili.

Leseni ina haki yake. Mtu anayefungua moyo mbele ya mgeni anastahili kujua kwamba mgeni huyo amefunzwa, anasimamiwa, na anaweza kuwajibishwa akikosea. Hata hivyo, utafiti uliendelea kuwasumbua walinzi wa mlango. Mwaka 1979 Joseph Durlak alipitia tafiti 42 zilizolinganisha wasaidizi wasio na shahada za fani na wataalamu, akasema matokeo ya wasaidizi hayakuwa duni, na mara nyingine yalikuwa bora. Wenzake walimpinga wakisema nyingi ya tafiti hizo zilikuwa dhaifu, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Hakuna upande uliorudi nyuma hadi kudai kwamba mafunzo hayahitajiki.

Swali lilifika Afrika kwa sura nyingine, na uhaba uleule ndio uliolileta. Mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa akili mjini Harare, aliwachukua wanawake 14 wa makamo na wazee katika mtaa wa Mbare, akawafunza tiba fupi ya kutatua matatizo, na wakaanza kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Tofauti na wale wa Bethesda, bibi hawa walikuwa tayari ni wahudumu wa afya wa jiji, wenye posho ndogo na wanaojulikana mtaani. Na tofauti na Rioch, Chibanda na wenzake walikuwa na kundi la kulinganisha: utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016 ulihusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, na walioketi kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limefika hadi Zanzibar. Katika visiwa ambako mwali alikuwa na somo wake, na mke mwenye shida alijua shangazi yupi wa kumwendea, kazi iliyobaki ni ya mafunzo, usimamizi na posho.

Kenya, kwa upande wake, ilipitisha mwaka 2014 sheria ya washauri na wanasaikolojia, inayotaka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe na bodi. Mwanamke wa Nairobi au Mombasa anayetaka kuianza kazi hii akiwa na miaka 42, watoto wakiwa sekondari, anaanzia pale: achague kozi inayotambuliwa, atafute madarasa ya jioni au ya wikendi, apate mahali pa kufanyia mazoezi na msimamizi wa kumsikiliza akifanya kazi. Ada ni yake, nauli ni yake, na saa za mazoezi mara nyingi hazilipwi. Fomu itamuuliza shule, mwaka na alama. Nafasi ya kuandika miaka 15 ya ulezi, ambayo Rioch aliiweka miongoni mwa maswali yake ya kwanza, haimo.